Mkate wa Wishwa: Sauti ya Dhiki na Wasomaji Wake

Katika utenzi wa Fumo Liyongo, kama ulivyoandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, mna kisa kimoja mashuhuri. Liyongo amefungwa gerezani na mfalme wa Pate, naye anangoja kuuawa. Mjakazi Saada humletea chakula alichopikiwa na mama yake, na kila kijapo walinzi humnyang'anya kilicho kizuri wakakila wao. Basi Liyongo akatunga maneno ya wimbo, akamtuma Saada ampelekee mama: apike mikate mizuri, na pamoja nayo mkate mmoja wa wishwa, na ndani ya huo wa wishwa atie tupa. Mama akayafahamu maneno. Chakula kilipoletwa, walinzi wakatwaa mikate mizuri na kumtupia mfungwa ule wa wishwa, kwa kuudharau. Tupa ikamfikia mwenyewe, akakata minyororo.

Kisa hiki ni cha kale, lakini kina swali ambalo fasihi ya Kiswahili haijaacha kulijibu. Maneno ya mtu aliye kifungoni humfikia nani? Na kila ayapokeaye hutwaa nini katika hayo? Swali hilo lilirudi kwa nguvu mwaka 1973, pale ilipochapishwa Nairobi diwani ya Abdilatif Abdalla iitwayo Sauti ya Dhiki. Historia ya kitabu hicho ni historia ya mshairi mmoja kwa sehemu ndogo tu. Kwa sehemu kubwa zaidi ni historia ya wasomaji wake: serikali, washairi, walimu na wanafunzi, wahakiki, na wafungwa wengine waliokuja baada yake.

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946, katika ukoo wa washairi. Ndugu yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, ndiye mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyotoka mwaka 1971. Mji wao ni mji wa Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, ambaye tungo zake za siasa na vita zilikuwa zikipita midomoni mwa watu na kujibiwa na mahasimu. Katika mji wa namna hiyo shairi halikuwa pambo la karamu peke yake. Lilikuwa njia ya mtu kusema neno lake mbele ya umma, kisha akangoja ajibiwe. Mtu aliyelelewa katika desturi hiyo hujua ya kwamba utungo usiojibiwa ni kama salamu isiyoitikiwa.

Mwaka 1966 Oginga Odinga alijitenga na chama kilichokuwa kikitawala Kenya, akakiongoza chama kipya cha Kenya People's Union. Mwaka 1968 ulipofika uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wa chama hicho walikataliwa kwa hoja ya kwamba karatasi zao hazikujazwa sawasawa. Abdilatif, aliyekuwa mfuasi wa chama hicho, akaandika waraka akaupa jina la swali: Kenya: Twendapi? Waraka ukasambazwa kwa siri. Mwezi wa Desemba mwaka huo akakamatwa. Akashitakiwa kwa uchochezi, na mwezi wa Machi 1969 akahukumiwa kifungo cha miaka 3. Umri wake ulikuwa miaka 22.

Kifungo hicho alikitumikia katika gereza la Kamiti, karibu na Nairobi, akiwa ametengwa na wafungwa wengine. Alipokuwa ndani, mambo ya nje hayakusimama yakamngoja. Mwezi wa Julai 1969 Tom Mboya aliuawa kwa risasi mjini Nairobi. Mwezi wa Oktoba mwaka uo huo, baada ya umwagaji wa damu Kisumu, chama cha Odinga kikapigwa marufuku na viongozi wake wakatiwa kizuizini. Swali la waraka likawa limejibiwa na matukio, na aliyeliuliza yu gerezani.

Humo gerezani ndimo alimotunga. Hakuruhusiwa kuandika, basi akaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni, na tungo zikatolewa nje kwa siri vilevile. Jambo hili limesimuliwa mara nyingi hata limekuwa kama hadithi, na kwa sababu hiyo huenda msomaji akalipita bila ya kulitazama. Yafaa alitazame. Karatasi ile ni kitu dhaifu kuliko vyote vilivyomo gerezani, nayo hupewa mfungwa kwa kuwa haina thamani mbele ya askari. Walinzi wa Liyongo waliudharau wishwa. Walinzi wa Kamiti wakaidharau karatasi. Katika mambo yote mawili, kilichodharauliwa ndicho kilichobeba tupa.

Abdilatif alifunguliwa mwezi wa Machi 1972. Muda si mrefu akahamia Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu. Mwaka uliofuata kitabu kikatoka. Humo mna shairi la Mamba, linalomsema mnyama wa mtoni ajionaye kwamba hana siku ya kufa. Mna Mnazi: Vuta N'kuvute, ambamo wawili wanagombea mti mmoja na matunda yake. Mna Usiniuwe, ambamo mtoto aliyemo tumboni anamsihi mama yake asimtoe roho. Mna Kuno Kunena, ambalo lauliza sababu ya mtu kupatilizwa kwa kusema, na mna Siwati na N'shishiyelo ni Lilo, ambayo ni kauli za mtu anayeshikilia alichokiamini. Hivyo dhiki iliyomo si ya kuta za gereza peke yake. Ni dhiki ya aliyenyimwa haki yake, ya asiyezaliwa, ya anayenyamazishwa. Na hasara inayoombolezwa ni ya nchi iliyopata uhuru kisha ikaona matunda yake yanachumwa na wachache.

Msomaji wa kwanza wa kustaajabisha alikuwa dola yenyewe. Mwaka 1974 Sauti ya Dhiki ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Hivyo kitabu kilichotungwa kwa siri katika gereza la serikali kikavikwa taji lenye jina la Rais wa serikali hiyo. Wengi wameliona jambo hili kuwa kinaya, na ni kinaya kweli. Lakini hapana budi kuuliza lilivyowezekana. Waamuzi wa tuzo hupima lugha, ufundi na uzito wa fikira, na kwa mizani hiyo kitabu kilistahili. Basi utungo ukatukuzwa, na yaliyomfunga mtungaji hayakuondolewa. Yaonekana ya kuwa dola yaweza kukisifu kilio bila ya kumwendea aliaye.

Wala haipasi kusahau ya kwamba Kenyatta naye alikuwa mfungwa. Wakoloni walimkamata mwaka 1952, wakamhukumu Kapenguria, wakamweka mbali kaskazini, asipate uhuru wake mpaka mwaka 1961. Mwaka 1968, mwaka ule ule wa Kenya: Twendapi?, kilitoka kitabu chake ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Mateso Yasiyo na Uchungu. Hapa zakutana namna mbili za kuisoma dhiki. Namna ya kwanza huifanya dhiki kuwa jambo lililopita: watu waliteseka, uhuru ukaja, na sasa fadhila ni kusahau na kujenga. Namna ya pili, ambayo ndiyo ya diwani hii, husema ya kwamba dhiki haijapita. Imebadilisha mikono tu. Aliyefungwa jana amekuwa mwenye funguo leo. Msomaji wa namna ya kwanza aweza kuyasifu mashairi haya kama kumbukumbu. Msomaji wa namna ya pili huyasikia kama mashitaka. Tuzo ya mwaka 1974 iliyaacha maana hizo mbili zikae katika jalada moja, wala haikusema ipi ni ya kweli.

Kundi la pili la wasomaji ni washairi wenyewe. Diwani ilitoka wakati mgogoro wa vina na mizani ulipokuwa ukipamba moto. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, akazivunja kanuni za kale kwa makusudi. Baada yake Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi wakaitetea njia hiyo mpya kwa tungo na kwa hoja. Hoja ya wanamapinduzi hao ilikuwa ya kwamba vina na mizani ni pingu: mawazo ya kizazi kipya hayawezi kuenea katika vipimo vya mababu. Upande wa pili, wanamapokeo walishika ya kuwa utungo usio na vina na mizani haufai kuitwa shairi. Abdilatif alikuwa upande wa wanamapokeo, na diwani yake ikawa hoja nzito kuliko makala. Kwani ikiwa kanuni ni pingu, vipi mtu aliyetiwa pingu za chuma akazichagua tena hizo za lugha, na ndani yake akasema mambo mapya kabisa?

Jibu moja la swali hilo ni la kazi ya kumbukumbu. Mtu asiye na karatasi ya kutosha, na asiye na hakika ya kwamba aliyoyaandika leo hayatakamatwa kesho, huhitaji maneno yanayokaa kichwani. Vina huwa ni vigingi vya kufungia, na mizani huwa ni hesabu ya kujua kama kitu kimepotea. Kanuni ambazo kijana wa chuo kikuu aliziona kuwa ukuta, kwa mfungwa zaweza kuwa kamba ya kupandia. Hata hivyo diwani haikuwanyamazisha wanamapinduzi, wala haikupasa kuwanyamazisha. Miaka michache baadaye mfungwa mwingine alionyesha ya kuwa njia zote mbili zapitika, kama itakavyoonekana mbele.

Kundi la tatu ni walimu na wanafunzi. Kitabu kiliingia madarasani, na humo kikakutana na wasomaji ambao mtungaji hakuwajua: watoto wa bara ambao Kiswahili chao ni cha shule. Diwani imetungwa kwa Kimvita. Mwenye kusoma Kiswahili Sanifu hukutana na siwati pahali pa siachi, na n'shishiyelo pahali pa nililolishika, na hana budi kusimama kidogo. Wako walioona hicho ni kizuizi. Lakini kusimama huko kuna faida yake. Katika lugha ya kila siku jicho la msomaji hukimbia. Katika lahaja asiyoizoea hulazimika kutembea, na atembeaye huona mengi. Tena Kimvita ni lugha ya mji wenye desturi ya kujibizana kwa mashairi. Kukisoma ni kujifunza ya kuwa neno la ushairi lina mwenyewe na mahali pake, ijapokuwa limekwisha kuwa la watu wote.

Darasani pia ndipo ulipozuka mvutano wa maana. Mwanafunzi akiulizwa juu ya Mamba, aweza kusema ya kuwa ni shairi la mnyama na funzo lake ni kwamba mwenye nguvu asijivune. Aweza pia kusema ya kuwa ni shairi la mtawala. Jibu la kwanza halina hatari, na fumbo laliruhusu. La pili ni jibu la mtu aliyeutafuna mkate akakuta chuma. Katika miaka ambayo watu walikuwa wakitiwa kizuizini bila ya mashitaka, mwalimu aliyesimama mbele ya darasa alipaswa kuchagua atakwenda nalo umbali gani. Ndiyo kazi ya fumbo tangu zama za Liyongo: humwachia msikilizaji uzito wa kufahamu. Mshairi alikwisha kulipa kwa miaka yake 3. Sehemu iliyosalia ya deni ikawa juu ya asomaye.

Vivyo hivyo kwa Usiniuwe. Wapo walioliona kuwa shairi la maadili juu ya utoaji wa mimba, na maneno yake yanawapa haki. Wapo wanaosikia ndani yake sauti ya nchi changa, au ya matumaini yanayouawa kabla hayajauona mwanga. Na mtu akikumbuka lilipotungiwa, husikia jambo la tatu: kiumbe aliyezungukwa na giza, asiyeonekana na yeyote, ambaye hana silaha ila kusema, anamsihi aliye na uwezo juu ya uhai wake. Aliyefungwa na asiyezaliwa wako katika hali moja. Maana hizi hazigombani. Kila moja huifungulia nyingine mlango.

Wahakiki walifuata njia hiyo hiyo ya kufungua milango. Chacha Nyaigotti Chacha aliandika kitabu kizima juu ya ushairi huu, kikatoka mwaka 1992, akakiita Ushairi wa Abdilatif Abdalla: Sauti ya Utetezi. Jina hilo peke yake ni uhakiki: pahali pa dhiki pamewekwa utetezi, kana kwamba msomaji anamwambia mtungaji, sikusikia kilio tu, nimesikia wakili akisema. Ann Biersteker naye, katika kitabu chake cha mwaka 1996, aliiweka desturi ya kujibizana katikati ya utafiti wake wa ushairi wa siasa wa Waswahili. Ken Walibora, mwandishi wa riwaya aliyekuwa pia mtaalamu wa maandishi ya gerezani, alisisitiza katika makala ya mwaka 2009 ya kwamba katika diwani hii husikika sauti nyingi, ingawa jina lake lataja sauti moja. Na mwaka 2016 Rose Marie Beck na Kai Kresse walihariri kitabu kilichotoka Dar es Salaam juu ya Abdilatif kama mshairi katika siasa.

Lakini wasomaji waliolipa thamani kubwa zaidi ni wale waliokisoma kitabu, kisha wakafuata njia ya mtungaji hata gerezani. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa siku ya mwisho ya mwaka 1977, akawekwa Kamiti mpaka Desemba 1978. Humo, naye juu ya karatasi za chooni, akaandika kwa Kigikuyu riwaya ambayo kwa Kiswahili iliitwa Shetani Msalabani. Wote wawili walikutana tena Uingereza katika miaka ya 1980, ambako Abdilatif alikuwa amekwenda kufanya kazi katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, na wakashirikiana katika kamati ya kudai wafungwa wa siasa wa Kenya waachiliwe. Mtu aliyekuwa ametuma maneno kutoka ndani sasa yu nje, anawapokelea maneno walio ndani.

Mwaka 1982 Alamin Mazrui, mzaliwa wa Mombasa na mwalimu wa chuo kikuu, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa tamthilia ya Kilio cha Haki, alitiwa kizuizini naye. Mashairi yaliyotokana na kifungo chake yalitoka mwaka 1988 katika diwani ya Chembe cha Moyo. Mazrui hakujifunga na vina na mizani kama alivyofanya mtangulizi wake. Basi ule mgogoro wa miaka ya 1970 ukapata jibu lisilotazamiwa: gereza moja la dola liliweza kuzaa mashairi ya kimapokeo na mashairi huru, na yote mawili yakawa ya kweli. Ukiziweka diwani hizo mbili pamoja, ya pili yasikika kama itikio la ya kwanza. Hiyo ndiyo kujibizana, ila hapa wajibizanao hawashindani. Mmoja anamwambia mwenziwe ya kwamba amesikika.

Mwishowe diwani ilivuka lugha. Walibora alikuwa amezitafsiri tungo zake kwa Kiingereza. Alifariki Nairobi mwezi wa Aprili 2020, kabla kazi hiyo haijafika mikononi mwa wasomaji, na mwaka 2024 ikatolewa Marekani chini ya uhariri wa Annmarie Drury. Hivyo kitabu cha dhiki na hasara kikaingia katika lugha nyingine kwa mkono wa msomaji ambaye mwenyewe amekwisha kuwa hasara ya kuliliwa. Katika tafsiri vina vya Kimvita haviwezi kubaki, wala mizani zake. Mikate mizuri yote haina budi kuachwa njiani. Kinachofika ni ule wa wishwa, na anayejua kusoma hutazama kilichomo ndani.

Kwa kutazama miaka hii 50 na zaidi, yabainika ya kuwa heshima na usikivu ni vitu viwili. Sauti ya Dhiki ilipata heshima mapema sana, mwaka mmoja tu baada ya kuchapishwa. Usikivu ulikuja polepole, na ulikuja kwa wale waliokuwa tayari kujibu: mwalimu aliyethubutu kumtaja mamba kwa jina lake, mhakiki aliyeusikia utetezi ndani ya kilio, mfungwa aliyetwaa karatasi iliyodharauliwa akaandika ya kwake. Walinzi wa Pate nao waliusikia wimbo wa Liyongo, na yamkini waliupenda. Mama yake aliusikia, akaingia jikoni kukanda unga.